Upande wa Nyuma wa Pazia

Mwende mjukuu wangu,

Huku Kithimani tuko wazima. Mguu wa mjomba wako Mutua umepona, na ndengu zimekubali mwaka huu.

Umeuliza kama kuna haja ya kuhangaika na upande wa ndani wa gauni, na hakuna atakayeuona. Nikiwa msichana, mzee mmoja wa sinagogi ya Nairobi aliniagiza pazia la kufunika kabati la Torati. Nikadarizi simba wawili na taji kwa uzi wa dhahabu. Nilipompelekea, akauliza, "Na bitana iko wapi?"

Mimi nilifunzwa na mama kusuka kiondo, na kiondo chetu hakina bitana. Ndani husukwa safi kama nje. Sikujua pazia lao huwekwa kitambaa cha pili cha kufunika nyuma.

Akaligeuza. Akapapasa nyuma polepole akitafuta fundo, asipate. Kisha akacheka.

"Wacha hivyo, binti. Watu wataona mbele. Huu upande ndio Torati itaona."



Ukimaliza hilo gauni, nitumie picha. Ya ndani.

Susu wako,
Nduku