Bolti Mbili za Pampu

Tunduru, 4 Juni 2023

Baba,

Shikamoo. Hatujambo. Mama, aliyekuja kumwuguza mke wangu baada ya kujifungua, ni mzima. Miguu yako imepoa?

Mwezi uliopita uliahidi kwamba nikiifufua injini ya Landrova lako la mwaka 1964 na kulifikisha Songea bila kuvutwa, gereji itakuwa yangu. Nimebakiza pampu ya maji. Kati ya bolti ulizotuma kwa basi, mbili zinanitia shaka. Kwa vidole zinaingia mizunguko miwili, kisha zinagoma. Nadhani meno yake ni ya milimita, na tundu ni la inchi. Mama anasema, "Mwulize baba yako kwanza, nisije nikalaumiwa mimi." Nifanyeje?

Mwanao,
Leodegari

Songea, 11 Juni 2023

Leodegari,

Marahaba. Mimi mzima. Miguu yangu haikuhusu.

Bolti hizo nilizichagua mwenyewe. Mwanamume mwenye mvi bado anashauriana na mama yake juu ya spana? Majaliwa, mtoto wa dada yangu, hufanya kazi bila kuniandikia barua. Kaza. Ukiniuliza tena, usije.

Baba yako,
Athanasi

Namtumbo, 25 Juni 2023

Baba,

Shikamoo. Safari hii siwezi kusema hatujambo.

Nilikaza kama ulivyoagiza. Karibu na Namtumbo bolti zile mbili zilichomoka pamoja na meno ya tundu. Pampu ililegea, maji yakamwagika, injini ikakwama. Mama, niliyekuwa namrudisha kwako, alinisaidia kufungua boneti. Mvuke ukamwunguza mkono wa kuume. Amefungwa bandeji. Tumehifadhiwa na mkulima wa tumbaku, Bwana Daimu, ambaye ananicheka: "Nyinyi mafundi wa Songea bolti mnazikaza kwa maombi?"

Naomba umtume Majaliwa aje kutuvuta. Gereji bado naitaka, Baba. Nitaanza upya.

Mwanao,
Leodegari

Songea, 27 Juni 2023

Leodegari,

Marahaba.

Bolti zile ni za milimita. Niliziweka kwa makusudi. Katika gereji yangu kila anayejifunza huchanganyiwa bolti. Anayezikataa, hata nikimfokea, hubaki. Majaliwa alinitupia zake miguuni. Wewe vidole vyako vilikuambia ukweli, ukaniamini mimi.

Gereji nilimkabidhi Majaliwa siku ya Pasaka. Nilitaka tu kujua kama nilikosea. Sikukosea.

Majaliwa ana kazi, hatakuja. Mwambie mama yako apande basi. Nguo zangu hazijafuliwa tangu alipoondoka.

Baba yako,
Athanasi

Tunduru, 2 Julai 2023

Mzee Athanasi,

Mama aliniomba nimsomee barua yako mbele ya Daimu na mkewe. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia nirudie pale pa nguo. Nikarudia.

Tulipanda basi siku ileile, la kurudi Tunduru. Atakaa kwangu. Nguo zake zilizobaki huko anaomba uzipeleke kanisani wapewe wahitaji. Landrova liko mbele ya nyumba ya Daimu. Majaliwa akipata nafasi alichukue.

Mkono wa Mama unapona. Amesema nisikuulizie afya.

Leodegari