Sifa Nilizompa Travis Buchko

Dada yangu mpendwa Marlene,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Duane, na kwamba goti lako jipya linakubeba bila kulalamika. Mimi sijambo, kwa kadiri mtu anayekunywa chakula chake kwa mrija anavyoweza kusema hajambo. Usikasirike kwamba sipokei simu zako. Taya langu limefungwa kwa nyaya, juu na chini, na nikijaribu kuongea natoa sauti ya jokofu bovu. Ndiyo maana nakuandikia kwa mkono, jambo ambalo sijakufanyia tangu ulipohamia Oregon.

Najua umeona habari kwenye televisheni, lakini hukuona yote. Ilikuwa Jumanne, baada ya kengele ya mwisho, nami naelekea kwenye gari langu. Bwana mmoja mrefu, amevaa koti zuri la ofisini, akaniuliza kama mimi ndiye Vernon Stukey, mwalimu wa kemia na kocha wa mieleka. Nikamwambia ndimi, nikidhani ni mzazi aliyekuja kulalamikia alama. Mzazi alikuwa kweli. Akatoa karatasi mfukoni, akavaa miwani, akaanza kunisomea.

Ilikuwa barua yangu mwenyewe. Niliiandika miaka miwili iliyopita kumpendekeza Travis Buchko, mwanamieleka wangu wa uzito wa juu, alipoomba nafasi katika chuo kimoja cha Indiana. Bwana yule, ambaye jina lake ni Amundsen, alisoma sentensi ya kwanza, kwamba katika miaka yangu ishirini na sita ya kufundisha sijaona kijana mwenye moyo mpole kama Travis. Akashusha karatasi, akanipiga ngumi ya mdomo. Nikaangukia boneti ya gari la mwalimu wa muziki. Akaninyanyua kwa kola, akaweka miwani yake sawa, akasoma ya pili, kwamba Travis hutumia nguvu zake kuwalinda walio wadogo kuliko yeye. Hapo ndipo taya lilipovunjika, na niliisikia sauti yake kabla ya maumivu kufika. Ya tatu ilihusu uadilifu. Ya nne siikumbuki, ila ngumi yake naikumbuka kila ninapokohoa, maana ilishukia mbavuni. Wanafunzi walisimama wamenyanyua simu zao wakirekodi. Mmoja akamwambia, "Mzee, muache bwana, huyo ameshakwisha." Amundsen akamjibu kwa adabu kabisa kwamba bado aya moja.

Na aliimaliza. Nilikuwa chini, damu imenijaa machoni, namsikia akisoma kwamba chuo kitakachompata Travis kitakuwa na bahati. Kisha akanipiga teke la tumbo, akakaa ukingoni mwa njia akiwasubiri polisi.

Mwanawe Peter alipangiwa chumba kimoja na Travis. Mwezi wa Oktoba waligombania dirisha, huyu akitaka liwe wazi na yule akitaka lifungwe. Travis aling'oa mguu wa kiti, akampiga nao mpaka jicho la kushoto likapasuka, na Peter alipoacha kusogea yeye hakuacha kupiga. Jicho lile halipo tena, na kijana wa watu siku hizi anajifunza upya kumimina maji kwenye glasi. Wakili wa familia alipopewa faili la Travis kutoka chuoni, barua yangu ilikuwamo.

Sasa mji mzima unanihurumia mpaka naona haya. Wananiletea keki, mimi nisiyeweza kutafuna hata uji. Mwalimu mkuu alikaa pembeni ya kitanda changu akasema, "Vern, uliandika kama tunavyoandika sote. Hivi nani angejua?" Mwendesha mashtaka anataka Amundsen afungwe miaka minane. Nawe umeniandikia ujumbe kwamba utamwandikia hakimu kumweleza kaka yako ni mtu wa namna gani. Dada, kabla hujashika kalamu nisikilize kwanza, kwa sababu nimekudanganya kwa kukaa kimya.

Nilijua. Majira ya baridi ya mwaka ule nilioandika barua, wiki mbili kabla ya mashindano ya jimbo, kijana wangu mwingine, Wendell Pettry, mwembamba, mwimbaji wa kwaya ya kanisa, alimwangusha Travis mazoezini kwa mbinu safi kabisa. Wenzao wakacheka. "Buchko, umelazwa na mwanakwaya!" Travis akacheka nao. Baadaye, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, alimshika Wendell kisogoni akamgongesha uso kwenye kabati la chuma, mara tatu, taratibu, kama mtu anayepigilia msumari. Kisha akaukanyaga mkono wake. Mimi nilikuwa mlangoni, Marlene. Niliona kuanzia pigo la kwanza na miguu yangu haikusogea. Nilimwogopa mtoto wa miaka kumi na saba. Nilipoingia, Travis aliniangalia usoni akasema, "Kateleza, Kocha," nami nikamwambia muuguzi wa shule kwamba kateleza. Wendell alipoteza meno mawili na kuvunjika vidole viwili. Nikamwomba naye aseme hivyohivyo, kwa ajili ya timu, akakubali.

Travis nilimsifia ili aende mbali nami. Nilitaka asiwe mlangoni kwangu, basi nikamweka mlangoni kwa Amundsen. Fomu inayoambatana na barua ina visanduku vya kutia alama, na kwenye kisanduku cha kujizuia na hasira nilimpa alama ya juu kuliko zote.

Lakini hilo si baya zaidi. Wendell naye aliniomba barua, maana aliomba nafasi katika chuo kilekile na vingine viwili. Niliona kwamba akifika huko akaulizwa kuhusu meno yake, mambo yatafumuka. Basi nikamwandikia mistari minne: kwamba hufika kwa wakati, hukabidhi kazi zake, hana matatizo na wenzake. Watu wa ofisi zile wakipata barua fupi ya baridi namna hiyo hudhani mwalimu anaficha aibu ya mtoto. Vyuo vyote vitatu vilimkataa, yeye aliyekuwa wa kwanza darasani kwangu. Hakujua kwa nini, kwa kuwa waombaji wote hutia alama kwenye fomu ya kukubali kwamba barua hawataiona kamwe. Barua ambayo mtoto anaweza kuisoma, vyuo haviiamini. Sasa anapanga makasha kwenye ghala la kando ya barabara kuu.

Tangu nitoke hospitali amekuwa akija kila Jumapili na supu ya kuku iliyosagwa. Juzi, akinishikia mrija, alisema hajawahi kunishukuru vizuri kwa ile barua niliyomwandikia, hata kama haikufua dafu. Nilishindwa, dada. Nikatoa nakala kwenye mtoto wa meza nikampa.

Akaisoma. Akaigeuza kuangalia kama kuna maneno upande wa pili. Akauliza, "Ndiyo hii yote, Kocha?" Nikatikisa kichwa kukubali. Amekuwa mpana sana kwa kubeba makasha yale, na daktari alishanionya kwamba taya hili likivunjika tena halitaunganika. Nikafumba macho nikamngoja. Wallahi nilitaka anipige. Nikasikia maji ya bomba. Alikuwa anaosha bakuli. Alipomaliza akavaa koti, akasimama mlangoni, akasema bila hata kupandisha sauti, "Ungekataa tu. Ningemwomba mwalimu wa Kiingereza. Yeye alishasema angeniandikia." Akaondoka zake.

Ngumi zote za Amundsen hazikunitoa chozi, Marlene. Hili limenitoa. Maelezo yangu yote nimeshayatuma kwa mwendesha mashtaka leo asubuhi, na shule imepata nakala, kwa hiyo utakaposoma hapa huenda sina kazi. Kwa hakimu usiandike lolote la kunisifu.

Nisalimie Duane na watoto, na yule mbwa wenu mzee kama bado anapumua. Goti ulitunze, na ukiona si vibaya kunijibu, nijibu.

Mdogo wako,
Vernon