Kichwa cha Umeme cha Fundi Mrisho

Jumatatu, 8 Juni

Bi Hadija, mwenyekiti wa kamati ya maonyesho ya usafiri, ametamka asubuhi hii: kisichotembea hakiingii ukumbini Jumamosi. Nimempigia simu tena, kwa ajili ya gazeti, kuhakikisha. Hakubadili neno.

Tamko linamgusa mtu mmoja. Mrisho, fundi chuma mstaafu wa reli, anaunda mfano wa kichwa cha treni cha umeme cha Wajerumani wa zamani. Urefu wake unajaza meza ya chakula. Kikitembea, chuo cha Itetemia kinampa karakana afundishe. Kisipotembea, anarudi kuchomelea mageti.

Bado hakijatembea.

Jumanne, 9 Juni

Nimesoma historia yake. Aina yenyewe ni E 50. Haikufika Tabora, huku Wajerumani walileta treni za moshi. Hiki kilivuta abiria kwenye milima ya Silesia. Mota moja tu, kubwa kupita mlango wa duka, imekaa ndani ya bodi. Mikono ya chuma inateremka kutoka kwenye mota na kuzungusha magurudumu, mmoja kila upande, sawasawa na treni ya moshi. Wahandisi walishaupata umeme, mazoea hawajayaacha. Baada ya vita vya pili nyaya za kule ziling'olewa, zikapelekwa Urusi.

Zao ziling'olewa. Sisi tunangoja zetu zifike. Hiyo itakuwa aya ya kwanza ya habari yangu.

Jumatano, 10 Juni

Jaribio, uani kwa Mrisho. Betri ya pikipiki. Mota ikanguruma, kichwa kikasogea, kikakwama. Akakisukuma kwa kidole. Kikasogea, kikakwama palepale.

Habari ilinitangulia kijiweni kwenye kahawa.

"Mwandishi, treni yako imeshafika Urambo?"

"Muacheni. Hata Ujerumani kuna mgao wa umeme."

Sikucheka. Nilipofika nyumbani nikacheka.

Alhamisi, 11 Juni

Mrisho amefungua mota mara mbili. Nzima. Magurudumu yanazunguka vizuri yakiwa peke yake. Nikamuuliza mikono ameifungaje. Mkono wa kulia ukiwa mbele kabisa, wa kushoto uko nyuma kabisa. Amefuata michi miwili kinuni: mmoja unapanda, mwingine unashuka, hivyo kazi haisimami. Mimi nimezaliwa Kitete, nimelelewa na sauti ya kinu. Nikaona amefunga sawa.

Amekonda. Nimeanza kuandaa habari ya kushindwa. Sipendi, lakini nimeiandaa.

Ijumaa, 12 Juni

Baada ya swala nilimkuta Mrisho amesimama uani. Mkewe, Bi Mwasiti, na jirani yao Bi Tatu walikuwa wanatwanga kisamvu. Yeye anatazama michi tu.

"Unatukodolea nini, baba?" Bi Mwasiti akasema. "Kinu hakina betri."

"Simameni hapohapo."

Wakasimama. Mchi mmoja juu, mwingine chini.

"Shemeji, mkono unachoka," Bi Tatu akalalamika.

Mrisho alikuwa ameona kitu. Mimi pia niliona. Wa juu umefika mwisho wa safari yake. Wa chini umefika mwisho wa safari yake. Wakati huohuo. Kwa nukta moja hakuna mchi unaokwenda popote.

"Sasa mnaiondoaje hapo?" akauliza.

"Sisi tuna mikono ya kuinulia," Bi Mwasiti akamjibu. "Chuma chako kina nini?"

Hakina kitu. Hapo ndipo kinapokwama. Mrisho akalegeza gurudumu la kushoto, akalirudisha robo ya mzunguko. Sasa upande mmoja ukifika mwisho, mwingine uko katikati ya kazi na unausukuma.

Kabla ya magharibi kichwa kilizunguka uani bila kuguswa. Kuku wakakimbia. Bi Tatu akapiga vigelegele, kisamvu kikasahaulika. Nikarudi kutazama picha za E 50. Mikono imepishana robo, kila picha. Nilizitazama Jumanne na sikuona.

Habari ya kushindwa nimeifuta.

Jumamosi, 13 Juni

Kimetembea. Ukumbi umejaa mpaka madirishani. Kimevuta mabehewa manne ya mbao, kimepita mfano wa msafara wa wapagazi, kimepinda kona, kimerudi. Tena. Tena. Bi Hadija alikuwa na saa mkononi. Baada ya mzunguko wa tatu aliiweka chini, akavuta kiti, akakaa kutazama.

Watu wa kijiweni walikuja wote.

"Lakini Urambo bado," mmoja akasema.

"Kiko njiani," Mrisho akamjibu, bila kugeuka.

Mkuu wa chuo akamkabidhi funguo za karakana mbele ya watu. Mrisho akampa Bi Mwasiti amshikie, maana mikono yake ilikuwa na grisi. Nimeripoti habari nyingi za ahadi mjini hapa. Hii imetimia nikiwa nimesimama hapo. Nimefurahi sana.

Jumapili, 14 Juni

Nimekula kwao. Meza imerudi kuwa meza. Kisamvu kilikuwa na karanga. Tumezungumza kidogo, Mrisho amesinzia kitini.

Darasa la kwanza: kesho, saa mbili asubuhi, Itetemia. Bi Mwasiti ameombwa aje na kinu.