Paka Niliyemnyima Maji

Jumatatu, 3 Juni

Daftari, salaam. Sijazoea kuandika ila barua, basi nianze kama barua. Mimi mzima. Baba watoto mzima, isipokuwa kiuno. Wifi mzima, na mdomo wake mzima zaidi. Mwanangu wa mwisho, huko chuoni, mzima. Asiye mzima ni paka wake, Pamba, aliyeniachia nimtunze. Anavuja mkojo. Si kukojoa — kuvuja! Amelala, tone. Anatembea, tone. Leo nimepiga deki mara nne. Wifi kapita kaziba pua: "Wifi, tunaishi nyumbani au choo cha stendi?"

Jumanne, 4 Juni

Daktari wa wanyama kampiga picha. Kumbe kazaliwa hivyo. Mrija unaotoka figo ya kushoto umekipita kibofu, unamwaga nje moja kwa moja. Vidonge havisaidii. Lazima apasuliwe, mrija ukatwe, ushonewe kwenye kibofu. Akauliza, mama, maji anakunywa vizuri? Nikasema anakunywa sana.

Uongo. Miezi yote hii tangu niachiwe paka huyu, ikifika saa tisa mchana naondoa bakuli mpaka asubuhi. Ndivyo nilivyowaachisha wanangu kukojoa kitandani, wote wanne. Ningesemaje mbele ya msomi yule?

Jumatano, 5 Juni

Majibu ya damu. Figo zimechoka. Daktari anashangaa — ya kushoto angeielewa, lakini ya kulia? Nikatazama viatu vyangu.

Leo bakuli sijaligusa. Kanywa mpaka kidevu kikalowa. Mwanangu kapiga simu: mama, niambie ukweli, atapona? Nikamwambia asome tu. Mama gani mimi!

Alhamisi, 6 Juni

Kapasuliwa asubuhi. Saa saba mchana muuguzi kapiga: kaamka, mshono mzuri, kitambaa alichotandikiwa kikavu. Wifi alikuwa katega sikio. Akapiga vigelegele! "Hata tone? Si ndicho tulichokitaka?"

Nikacheka naye. Mjinga mimi.

Saa kumi akapiga daktari mwenyewe. Kitambaa bado kikavu. Dripu inaingia, hakuna kinachotoka, na kibofu kitupu. Figo zimegoma. Mama, kuna jambo hukuniambia?

Nikamwambia. Bakuli, saa tisa, watoto wanne, yote. Halafu, taratibu: "Ungenieleza Jumanne, mama, ningeanza na dripu. Kisu kingengoja." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Kasema tusubiri. Wifi anauliza mbona sili. Mwanangu kapiga mara mbili, sijapokea — nimwambie nini? Simu ninayo mkononi, naandika kwa mkono mwingine. Daktari, baba, Pamba akilowesha kitambaa, hata doa la ukubwa wa kifungo, nitumie habari upesi.