Mfalme Ambaye Hakuingia Yerusalemu

Umbilo, Jumapili, 12 Februari 2012

Joto la leo halina upepo. Mabega bado yananiuma kwa makontena ya vigae tuliyoshusha Isipingo wiki nzima, lakini si mabega yanayonifanya niandike.

Ni wivu. Nina wiki tatu nao na sijamwambia mtu.

Wenyewe una jina: Mwalimu Bonaventure. Alifika Durban mwaka jana, akapanga Overport, na sasa ndiye anayetufundisha Maandiko baada ya ibada. Amesoma hadi chuo kikuu. Mimi niliacha darasa la sita. Na zamani, kwetu Uvira, alimchumbia mke wangu, Mama Neema.

Hilo nililijua kabla ya kuoa. Mama Neema alinieleza kwamba jamaa alikuja na maringo, baba yake akamfukuza, yakaisha. Niliipenda habari hiyo. Nimeishi nayo vizuri miaka tisa.

Kisha wiki tatu zilizopita Mwalimu aliugua homa, tukaenda kumpa pole. (Nikiri: homa yake ilinifurahisha kidogo.) Juu ya meza yake nikaona kitambaa kilichofumwa maua ya zambarau, kwa mkono ninaoujua. Vitambaa vyote vya nyumbani kwangu vina mkono huo. Kwetu msichana hamfumii mwanamume kitambaa hivihivi, na mwanamume aliyefukuzwa hatembei nacho nchi nne. Siku hiyohiyo nikamsikia akimwambia mgeni mwingine kwamba Uvira aliacha mchumba, akaenda zake masomoni.

Aliacha. Hakusema alifukuzwa.

Leo somo lilikuwa Mfalme Hezekia na Senakeribu wa Ashuru, aliyeizingira Yerusalemu. Nilisikiliza kuliko siku zote, kwa sababu mbaya. Mwalimu alisema habari hiyo ina pande mbili. Maandiko yanasema malaika aliwapiga askari wa Ashuru usiku mmoja na mfalme wao akarudi kwake. Lakini Senakeribu naye aliandika yake, na maandishi hayo yalichimbuliwa ardhini: anajisifu kwamba alimfungia Hezekia mjini kama ndege tunduni. Wasomi wanabishana hadi leo. Wengine wanasema ni tauni, wengine wanasema Hezekia alilipa tu ili aachwe. Kuna Mgiriki wa kale aliyesimulia kwamba panya walitafuna nyuzi za pinde.

"Lakini angalieni," Mwalimu alisema, "Senakeribu anahesabu kila alichochukua, donc, kwa hiyo, hafichi kitu. Ila hakuna mahali anaposema aliingia Yerusalemu. Na dhahabu, pande zote mbili zinataja talanta thelathini. Mahali maadui wanapokubaliana, hapo ndipo pa kuamini."

Mimi nikafikiria kitambaa. Yeye anacho, na mke wangu hawezi kukikana. Mkono ukainuka wenyewe.

"Mwalimu, mfalme akizingira mji halafu akarudi kwake mikono mitupu, ana haki gani ya kujisifu?"

Watu wakacheka. Mzee Kalume, fundi viatu anayekaa nyuma yangu, akasema, "Eish, Baba Neema leo iko moto."

Mwalimu hakucheka. Alinitazama, akamtazama mke wangu, akarudi kwangu. "Ndugu yangu, hakurudi mikono mitupu. Dhahabu alibeba."

Nilikaa chini. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

Tulirudi kwa miguu, mtoto wetu Neema akitangulia na wenzake. Pale kwenye robot, taa za magari za Umbilo Road, mke wangu alisema bila kunigeukia, "Baba Neema, ulikuwa unauliza ya Yerusalemu au ya Uvira?"

"Ya Uvira."

"Basi ungeniuliza mimi. Yule mfalme wa Ashuru amekufa, mimi niko hapa."

Nikamwuliza. Kama alimpenda, nilitaka kujua.

"Hakuna aliyemfukuza," alisema. "Aliondoka mwenyewe, Januari. Kitambaa nilimpa mimi, siku ya kuondoka. Nilimngoja mwaka mzima."

"Na ile ya baba yako?"

"Ile uliitaka wewe. Uliniuliza, 'Baba yako alimfukuza, sivyo?' Nikasema ndiyo. Ulifurahi sana, Baba Neema. Nikakuachia."

Robot ikawa ya kijani, hatukuvuka.

Nimekumbuka vizuri, na ni kweli. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu kwanza. Kwa hiyo ile habari niliyoishi nayo miaka tisa niliiandika mimi.

Sasa mke wangu amelala kidogo na mtoto, nami nimekaa kwenye ngazi za fleti na simu, nahesabu miezi kama mjinga. Mwalimu aliondoka Januari. Mimi nilikwenda kwao kujitambulisha Agosti. Kila Jumapili nilikaa kwenye kiti cha baba yake, Mama Neema akinimiminia chai na kucheka vichekesho vyangu, na kumbe alikuwa anamngoja mwingine. Septemba. Oktoba. Krismasi nilimpelekea viatu. Alikuwa bado anangoja.

Mwaka wake wa kungoja uliisha Januari. Tulifunga ndoa Machi.

Sitaki tena kujua kama alimpenda. Alimpenda. Linaloniuma sasa ni hiyo miezi miwili. Kuna kitu kilitokea ndani yake, na hakuna mwandishi wa upande wowote aliyekiandika. Ama alinitazama mimi Jumapili moja akaona kitu, ama alichoka tu kungoja na kiti kilikuwa na mtu.

Kesho naingia kazini saa nne. Nitamuuliza asubuhi kabla ya kutoka, na safari hii sitamtangulizia jibu.