Kahawa Niliyoing'oa kwa Ajili Yako

Kwako mwanangu, Mzee usiye na ndevu,

Nakuita kwa jina lile lile nililokuwa nakuitia uani kwangu hapa Tunduma, maana jina ulilopewa na mama yako sijawahi kulitumia. Ninyi wamisionari wa Kimormoni mlikatazwa kuitana majina ya kwanza. Kijana wa miaka kumi na tisa, shavu laini, anaitwa Mzee, na mimi niliyezaa mara nne naitwa Dada. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Mimi pia nilicheka, halafu nikazoea.

Wiki mbili zilizopita binti yangu Sekela alirudi kutoka kazini, kwenye ile ofisi ya wakala wa forodha, akaniwekea simu mbele ya uso wakati nachambua maharage. "Mama, huyu si yule Mzee wako?" Nilikufurahia kabla sijakusikia. Umenenepa, na ndevu umeota, hatimaye. Umekaa mahali pazuri na watu, mbele yako kikombe. Ulikuwa unaongea Kiingereza cha haraka, Sekela ananitafsiria, nikaona anapunguza maneno. Nikamwambia sema yote. Akasema. Kwamba umetoka kanisani. Kwamba muda wote uliokaa Afrika hukuamini hata neno moja katika yale uliyokuwa unafundisha, ulikuja kwa kumwogopa baba yako tu. Na kwamba kulikuwa na mama mmoja Tanzania aling'oa shamba lake la kahawa kwa sababu yako. Hapo wenzako wakacheka. Na wewe ukacheka.

Huyo mama ni mimi. Sitazunguka: umenisaliti, mwanangu, na nina hasira na wewe. 

Kutoka kanisani ni shauri lako na Mungu wako, mimi si polisi. Lakini nakumbuka mno. Nakumbuka mlivyohamia chumba changu cha mbele, wewe na mwenzako Okello wa Uganda. Hamkuachana hata kwenda dukani kununua chumvi, sheria yenu ilikuwa mwonane muda wote. Okello akienda kuoga, wewe unasimama kwenye mlango wa jiko langu unajifanya unasubiri maji. Asubuhi mnapiga pushapu uani, watoto wa mpangaji wanawahesabia, na wewe walikuwa wanakuongezea kwa huruma. Kisha mnasoma kwa sauti, mnanyoosha mashati meupe kwa pasi yangu ya mkaa, mnafunga tai, mnatoka kwenda kupigwa vumbi la malori. Mchana mnarudi mmekuwa rangi ya barabara. Wale vijana wa kubadilisha fedha mpakani walikukimbilia wakidhani una dola, wewe unawapa karatasi za Yesu. Madereva wa Zambia uliwasalimia "Mulishani," wakakuuliza unauza nini. Ulikuja kunisimulia huku unacheka, miguu imekuvimba, nikakuwekea maji ya chumvi kwenye beseni.

Jumatatu ilikuwa siku yenu ya kufua na kumpigia mama simu. Ukimaliza kuongea naye ulijifanya unaanua nguo, unasimama nyuma ya mashuka mpaka macho yakauke. Ulidhani sikuoni. Siku moja nikakufuata huko na kikombe cha mchaichai, maana chai ya majani mlikuwa hamnywi, nikakwambia, "Lia, ila harakisha, kinapoa." Ukanywa. Ukasema, "Asante, mama." Kabla ya hapo ulikuwa unaniita Dada kama wenzako wote. Tangu siku ile hukuniita Dada tena, hata mbele ya viongozi wako.

Hilo neno ndilo lililoniingiza kanisani, kama hukujua. Mafundisho yalikuja baadaye.

Na ulifundisha vizuri, siwezi kukunyima haki yako. Ulipofika kwenye somo la vinywaji ukasema pombe hapana, tumbaku hapana, chai hapana, kahawa hapana. Pombe sikuwahi. Chai niliacha, kichwa kikaniuma wiki nzima. Kwenye kahawa nikakwama. Unajua sisi watu wa Mbozi kahawa tunalima, kunywa ni habari ya watu wa mbali. Nilikuwa sijawahi kumaliza hata kikombe kimoja. Sasa kuacha kitu usichokitumia ni sadaka gani? Nikawaza, nikaona nilicho nacho ni ile mibuni ya shambani kwetu kijijini Nanyala aliyoniachia marehemu baba Sekela. Nikasema basi, Mungu atapewa hiyo.

Mliomba ruhusa kwa kiongozi wenu, mkaja kunisaidia. Okello alishika jembe, akasita, akasema, "Dada, katazo ni la kunywa tu. Kulima hakuna shida." Nikakuangalia wewe. Kama ungetikisa kichwa tu, ningeacha, nakuapia. Wewe ukamwambia, "Mwache, Okello. Mama ana imani kubwa kuliko sisi." Ukavua tai, ukaifunga kwenye tawi, ukaanza kuchimba mizizi. Ulichimba kuliko sisi sote. Viganja vyako vilitoka malengelenge, nikavifunga kwa kitambaa cha kichwa changu.

Shemeji yangu, kaka wa marehemu, alisimama upande wa pili wa mtaro akatutazama mpaka tukamaliza. Akaniambia neno moja: "Shemeji, leo ndiyo umemzika kaka." Akaondoka. Mpaka leo kwenye vikao vya ukoo hanisalimii, nakaa karibu na mlango na wake wadogo. Siku ile nilimfuata nikamwambia huyu mtoto ni mwanangu, hawezi kunipoteza. Nilisema kwa sauti, ndugu zake wote wakasikia. Maneno hayo ndiyo yananirudia sasa ninapokuona unacheka kwenye simu.

Halafu nakumbuka ubatizo, na hapa ndipo unaponichanganya. Lile dimbwi la turubai nyuma ya nyumba ya ibada, baridi ya Tunduma ya mwezi wa saba, meno yanagongana. Ukanishika mkono, ukasema maneno yako, ukanizamisha. Nikaibuka najua yamekwisha. Shahidi akasema kidole cha mguu kilibaki juu ya maji, na kwenu lazima mtu azame mzima. Watu wakacheka, mimi nikasema kidole kitasamehewa, jamani, nitoeni. Wewe ulikataa. Uso ulikuwa umekubadilika, midomo ya bluu. Ukaninong'oneza, "Samahani mama, lazima turudie. Nataka uingie wote." Ukanizamisha tena, na safari hii ulikanyaga mguu wangu kwa mguu wako ili usielee.

Sasa niambie. Mtu asiyeamini hata neno moja, kidole changu cha mguu kilimhusu nini?

Sekela anasema ndivyo vijana wanavyoongea wakiwa na wenzao, nisikuweke moyoni. Anasema pengine ulikuwa unaona aibu, ndiyo maana ukacheka. Huenda. Lakini mimi aibu yangu nimeila hapa hapa, mbele ya ukoo mzima, sikukuita uje tuigawane. Ungeniambia, "Mama, nimechoka, siamini tena," ningekuchemshia mchaichai tukae. Kunifanya kichekesho cha wageni ndiko kulikonivunja.

Kanisani bado naenda. Usidhani ulinibeba mgongoni kiasi kwamba ukianguka nami naanguka. Jumapili iliyopita nilikaa kwenye benchi lile lile, wamekuja vijana wapya, mmoja mashati yake hayajui pasi. Nilimwangalia nikashindwa kumwita mwanangu. Nikamwita Mzee, kama wanavyotaka. Hilo neno nalo umenichukulia.

Jana nimekwenda Nanyala nikapiga hodi kwa shemeji. Nimemwambia alikuwa na haki. Akaingia ndani ya kitalu chake, akatoka na miche ya mibuni kwenye ndoo, akaitua miguuni kwangu. Mvua zikianza naipanda, mahali pale pale. Kahawa yake sitainywa, ahadi yangu kwa Mungu haikupitia mdomoni mwako peke yake.

Inachukua kama miaka mitatu kuzaa. Basi nakupa muda huo. Uje. Nitaikaanga mwenyewe, nitaitwanga, nitakuchemshia, na wewe utakaa kwenye kile kigoda chako uani unywe, mimi nina mchaichai wangu. Ukimaliza kikombe, uniangalie machoni, useme kwa Kiswahili hiki nilichokufundisha mimi, kwamba siku ile nyuma ya mashuka uliponiita mama, na hilo nalo hukuliamini.

Ukiweza kulisema, nitakusindikiza mpaka stendi na sitakuita tena.

Ni mimi, mama yako wa Tunduma, mpaka utakapokuja kukana.