Jenerali Mlangoni

Muaither, Jumanne

Ni yeye kabisa, ila amezeeka. Alianza porini na waasi, akawa jenerali wa serikali, na leo amekuja hotelini kwetu, huku ughaibuni, kwa mazungumzo ya amani. Mlinzi wa mlangoni ni mimi, lazima nimpekue.

"Inua mikono, mzee."

Akainua, akacheka. "Kumbe wewe ni wa kwetu! Umekula lakini, kijana?"

"Nimekula, afande."

Afande! Sijui neno hilo lilinitokaje. Askari wake ndio waliomchukua kaka yangu Okello, na mpaka leo mama amekataa tumwekee matanga. Halafu mimi nikafurahi kuulizwa kama nimekula.

Kesho atapita tena. Nikimuuliza kuhusu Okello, kazi yangu hapa imekwisha. Nikinyamaza, mama nitamwambia nini?